Siku yangu na mkasi: bustani ya Kiholanzi ndani ya tangi, Kigoma

Saa 10:40 alfajiri

Kwa kawaida siku yangu huanza saa 12. Ya leo imeanzishwa na simu ya mlinzi wa nyumba ya wageni ambako natunza tangi la vioo lililojaa mimea, na samaki wachache.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, samaki wako wote wako juu, wanatafuta pumzi. Umeme ulikatika saa 8."

Nikamwambia achomoe mpira unaoingia kwenye maji. "Upi? Iko mingi." Hapo nilikuwa nimeshavaa suruali na niko mlangoni naita bodaboda.

Kutoka Ujiji ninakokaa hadi mtaa wa Mwanga iliko nyumba hiyo, saa hizo barabara ni nyeupe. Tulipofika juu kilimani, taa za mitumbwi ya dagaa zilikuwa bado zinawaka ziwani, moja moja zikisogea upande wa Kibirizi. Siku nyingine ningesimama nitazame.

Saa 11:15 alfajiri

Gapi 14, vile visamaki vidogo vya mapambo, wote midomo juu. Nikachomoa mipira mitatu, nikachukua jagi la jikoni, nikawa nachota maji na kuyamwaga kutoka juu, nachota na kumwaga, kama anayepoza chai. Baada ya nusu saa walianza kushuka mmoja mmoja. Hakufa hata mmoja, ila bega langu lilikuwa limeshakufa.

Niseme kilichotokea, maana hata watu wanaofuga samaki miaka mingi hudhani mimea inatoa oksijeni muda wote. Inatoa ikiwa na mwanga. Usiku na yenyewe inavuta, na tangi langu limejaa mimea hadi pembeni. Kinachowaokoa samaki usiku ni chujio linalotikisa maji na pampu ndogo ya hewa. Vyote viwili vinakula umeme. Kisichokula umeme ni chupa zangu za hamira. Zenyewe ziliendelea kupuliza hewa ukaa gizani bila kujali.

Chupa hizo ndizo gesi yangu, maana hewa ukaa ni chakula cha mimea. Mtungi wa hewa ukaa na vipimo vyake ni bei ya pikipiki kuukuu, kwa hiyo natumia chupa 3 za soda za lita 2: vikombe viwili vya sukari, nusu kijiko cha chai cha hamira, maji ya uvuguvugu, na nafasi ya vidole vinne ibaki juu. Mpira ni ule wa dripu, unapatikana duka lolote la dawa. Ile gurudumu ndogo ya kubana mpira wa dripu itoe kabisa. Mimi niliwahi kuibana usiku mmoja nikidhani napunguza gesi. Chupa ilipasuka, na ukuta wa nyumbani kwangu bado una alama ya sukari ambayo sisimizi hawajaisahau.

Saa 2 asubuhi

Nyumbani Ujiji. Chai, mihogo ya kuchemsha, halafu uani kwenye kitalu.

Kitalu changu hakina maji mengi kama watu wanavyotarajia. Ni mabeseni 11 yenye udongo wa kichuguu ulioloweshwa, yamefunikwa nailoni. Mimea mingi inayouzwa kama ya majini huko kwao inaishi kingo za mito: mvua ikija inazama, ikikatika inabaki juu. Ukiikuza nje ya maji haipati mwani, haihitaji hewa ya chupa, na inakua haraka. Kasoro yake ni kwamba ukiizamisha, majani ya nchi kavu yanaoza na yanatoka mengine yenye umbo tofauti. Wiki 2 au 3 hivi tangi linaonekana kama shamba lililopitiwa na nzige. Mteja asipoambiwa mapema, anakupigia simu kwa hasira.

Leo nilichukua shina 40 za Lobelia cardinalis zilizokwisha kuzoea maji kwenye tangi dogo. Huo ni mmea wa Amerika, na nje ya maji unatoa maua mekundu ya kuvutia. Ndani ya maji hauna maua, una majani ya kijani kibichi, mviringo, mpole, unakua polepole. Upole huo ndio ninaoutaka.

Saa 4 asubuhi

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ilinichukua karibu saa 3.

Mtu akisikia tangi la vioo anafikiria samaki. Katika bustani ya Kiholanzi samaki ni wapita njia, mwenye kiwanja ni mimea. Waholanzi wako kwenye mtindo huu tangu miaka ya 1930, na mashindano yao yana jambo moja linalonifurahisha: waamuzi wanakuja mpaka sebuleni kwako. Wanapima maji, wanakagua afya ya samaki, wanatazama ulivyopanda. Hupeleki picha iliyopigwa siku tangi lilipopendeza.

Mawe na magogo ya kujionyesha, kama ya mtindo ulioenezwa na Mjapani Takashi Amano, hapa hayana kazi. Sura yote inatoka kwenye majani: mapana yakae karibu na membamba, mekundu karibu na kijani kilichopauka, marefu nyuma ya mafupi. Kila aina inakaa kundi lake, haitapakazwi kama vitunguu kwenye kachumbari. Na aina zisiwe nyingi. Kipimo wanachokitaja sana ni aina 1 kwa kila sentimita 10 za urefu wa tangi. Langu lina sentimita 120, kwa hiyo ruhusa ni 12. Nina 9, na nikisema kweli, 2 zinanisumbua.

Nilianza na mwekundu, Alternanthera reineckii. Anakaa sentimita 40 kutoka kioo cha kushoto, yaani theluthi ya kwanza, na hakuna mwekundu mwingine popote. Ukiweka wawili jicho linahangaika, kama harusi yenye mabwana wawili. Alikuwa amepanda hadi karibu ya uso wa maji, chini amebaki miguu mitupu. Hapo kuna njia mbili. Unaweza kukata juu ya kifundo na kuacha kisiki kichipue matawi mawili. Au unang'oa shina zima, unatupa sehemu ya chini, unapanda kichwa. Ya kwanza ni ya mvivu na mara nyingi inatosha. Ya pili ndiyo inayotoa kundi safi, na leo niliifanya kwa shina 26, moja moja, kwa kibano kirefu, zikipishana sentimita 2 ili mwanga ufike chini. Anayefunga shina kwa fungu na kulidumbukiza kama mchicha wa sokoni atakuta limeoza katikati.

Halafu barabara. Wanaiita barabara ya Leiden, kwa jina la mji wao. Ni safu ya mmea mmoja, kwa kawaida Lobelia au Saururus cernuus, inayoanza mbele kwenye kioo ikiwa fupi na pana, ikipanda ngazi kwa ngazi kuelekea nyuma huku ikisinyaa, hadi inapotelea kwenye kona. Kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma ni sentimita 50 tu, lakini ikipandwa vizuri unaapa ni mita. Kwa mtu wa Ujiji si lazima kueleza sana. Simama kwenye njia yenye miembe mikubwa pande mbili, tazama mbele, uone miti inavyobanana kwa mbali. Ni udanganyifu uleule, tofauti yake ni kwamba huu naupanda mimi.

Mstari wa mbele nimeukata sentimita 5, unaofuata 7, kisha 10, na kuendelea. Kila wiki ngazi zinaharibika kwa sababu mimea haijui kwamba iko kwenye ngazi. Kilichorefuka mbele nakichomoa, nakipeleka nyuma, na mbele napanda kifupi. Wanaodhani ukishapanda umemaliza ndio wanaoniuzia matangi yao kwa bei ya kutupa.

Jambo la mwisho ni uchochoro. Kati ya kundi na kundi naacha vidole viwili vya udongo mtupu. Mwanzoni niliona ni hasara ya nafasi na nikajaza kila pengo. Tangi likawa kijani kimoja kizito, kama blanketi. Uchochoro unaleta kivuli, na kivuli ndicho kinachoonyesha kwamba hili ni kundi na lile ni lingine. Kupanda nilijifunza kwa mwezi. Kuacha pengo bila kulijaza kulinichukua mwaka mzima, na bado mkono unawasha.

Masalia yote niliyafungasha kwenye ndoo. Hayaendi mtaroni hata jani moja. Tuliona gugu maji lilivyofanya Ziwa Victoria, nalo lilianza kama ua zuri la mtu. Yangu yanakaushwa juu ya bati, kisha yanakuwa mbolea ya matembele.

Saa 6:30 mchana

Mwenye nyumba alishuka na mgeni wake, mzee aliyewahi kuzamia ziwani kukamata samaki wa mapambo wa kuuza nje.

"Wewe kijana unakaa Kigoma," akasema mzee, "watu wa Ulaya wanalipa kupata samaki wa ziwa hili, halafu unafuga gapi?"

Nilimwamkia kwanza, halafu nikamjibu. Hao samaki wetu wa miambani ndio hasa siwezi kuwaweka humu. Wengine wanachimba mchanga usiku na mchana, wengine kazi yao ni kukwangua mwani kwenye mawe, na wote wanataka maji ya ziwa, magumu, yaani yenye madini mengi, na yenye pH, kipimo cha uchachu, inayokaribia 9. Katika maji ya namna hiyo hewa ukaa huru karibu haipo, kaboni karibu yote imekaa kama bikaboneti, yaani imeyeyuka majini kama chumvi. Mimea inayojua kuitumia bikaboneti ni kama Vallisneria na Ceratophyllum, na ndiyo maana unaikuta ziwani humohumo. Mwekundu wangu hajui. Ukimtia kwenye maji ya bomba ya Kigoma, ambayo ni ziwa lilelile, anasimama kama mgeni asiyekaribishwa kiti, halafu anapukutika.

Mzee akatikisa kichwa, akainama kutazama barabara, akakaa hivyo muda mrefu. "Hii inaishia wapi?" akauliza. Sikumjibu. Nadhani hilo ndilo swali ninalolipwa nalo.

Mwenye nyumba yeye alitaka kujua kama tunaweza kuweka jiwe moja tu. Na kile kisanduku cha hazina kinachofunguka kwa mapovu. Nilimwambia, "Mama, tutaona." Anajua maana yake.

Saa 8 mchana

Ugali wa muhogo, mgebuka, mawese. Usingizi wa dakika 20 kwenye kiti.

Saa 10 jioni

Maji. Kila baada ya kukata nabadilisha lita 90: 30 za bomba zilizolala kwenye ndoo usiku kucha, na 60 za mvua. Ndiyo hesabu inayoshusha ugumu wa maji ya ziwa hadi theluthi yake. Na sasa ni mwisho wa Agosti. Simtanki la nyumbani lina kama lita 500, mvua tunaisubiri mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Lita 60 kwa wiki, wiki 8. Inatosha kwa kubahatisha, iwapo hakuna mwingine anayelichota.

Yupo. Mama watoto anasema maji ya mvua ni ya kufulia, kwa sababu sabuni inatoa povu na nguo hazikakamai. Kisayansi yuko sahihi kabisa, ndicho kinachoniuma. Ugumu uleule unaomnyima yeye povu ndio unaoninyima mimi mimea. Leo nilipofika na madumu matatu nilikuta mashuka manne kwenye kamba na bomba la simtanki likidondosha.

"Umechota ngapi?"

"Za kutosha."

Tulikubaliana mashuka yafuliwe kwa maji ya bomba na sare za watoto kwa ya mvua. Nguo zake mwenyewe hazikutajwa, na mimi sikuuliza. Madumu yakaenda Mwanga kwa bodaboda, mawili ubavuni na moja mapajani mwangu.

Saa 1 usiku

Taa za tangi zinawaka saa 6 mchana hadi saa 2 usiku, jumla ya masaa manane, si zaidi, la sivyo mwani unachukua mji. Nimezipanga hivyo ili wageni wakirudi jioni walikute linang'aa. Maji yalikuwa yametulia, vumbi la udongo limeshuka. Vichwa vya mwekundu vilivyopandwa leo vimelala upande kama walevi. Kesho kutwa vitakuwa wima. Mtoto wa mpishi alikaa sakafuni akihesabu gapi, akapata 17, akarudia akapata 12.

Kabla ya kuondoka nilimwita mlinzi. Nilifunga utepe mwekundu kwenye mipira mitatu ya hamira, nikamwonyesha: umeme ukikatika, hii yote nje, halafu jagi. Akarudia mwenyewe mara mbili. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeungama, kwamba juzi aliwaona samaki wana njaa akawamegea ugali. Ndiyo maana kona ya nyuma ilikuwa na utando mweupe ambao nilikuwa nausingizia udongo wa kichuguu.

Saa 5:20 usiku

Ujumbe kwenye simu, nikiwa kitandani: "Fundi umeme umekata. Mipira nimetoa yote. Jagi nimeanza. Ugali sijawapa."