Jinsi nilivyozuia punje za mchele zisigeuke mistari

Hapa Bukavu, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi kando ya Ziwa Kivu, sweta la mtoto halina msimu, nami nilitaka langu, ninalolifuma kwa sindano mbili, liwe na mfumo wa punje za mchele, yaani kitanzi bapa kimoja na cha kinundu kimoja kwa zamu, vinundu vikitawanyika kama punje, kwa kuwa kitambaa chake hulala bila kujikunja kingoni. Tatizo lilikuwa mistari ya wima iliyojitokeza mahali pa punje.

Chanzo ni hesabu. Kitanzi bapa hufumwa uzi ukiwa nyuma ya sindano, cha kinundu uzi ukiwa mbele. Ukiwa na vitanzi 40 na kuanza kila safu kwa bapa, bapa hupanda juu ya bapa, kinundu juu ya kinundu, na hiyo ndiyo mistari. Niliongeza kitanzi kimoja, vikawa 41, na punje zikatawanyika vizuri.

Kwenye kwapa, ambako vitanzi hupunguzwa, hesabu haitoshi, hivyo macho ndiyo yaongoze: juu ya kinundu fuma bapa, juu ya bapa fuma kinundu. Uzi upitishwe katikati ya sindano mbili, kamwe usizungushwe juu ya sindano, maana kufanya hivyo huzaa kitanzi cha ziada na tundu.