Mashine ya barafu, jua la mchana na umeme wa gridi: nilivyovipatanisha

Nilipoamua kuendesha mashine yangu ya barafu kwa jua, nilijiandaa kwa vita vya bei ya paneli. Vita hivyo havikutokea. Paneli 16 za wati 550 kila moja, zilizofunika paa lote la banda langu hapa Tanga, zilikula fedha pungufu kuliko betri ambayo muuzaji mmoja alitaka niichukue pamoja nazo. Kilichonisumbua ni saa. Jua linatoa umeme saa ambayo mteja wangu amelala.

Mimi huuza barafu ya matofali kwa wavuvi na wachuuzi wa samaki. Nahodha anayekwenda kuvua usiku kwa taa anakuja alasiri, anapakia, anatweka. Mchuuzi anayepeleka vibua Korogwe au Lushoto anakuja alfajiri. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, dukani kwangu kuna nzi tu. Kwa miaka mingi mashine ilifanya kazi usiku, kwa mazoea na kwa sababu ya kweli pia: hewa ya usiku ni baridi zaidi, kompresa haihangaiki kutoa joto nje.

Watu wengi bado wanaisema sola kama kitu cha wafadhili na zahanati za vijijini. Bei imekwisha kuihama picha hiyo. Kwa hesabu za IRENA, wakala wa kimataifa wa nishati jadidifu, wastani wa gharama ya kuzalisha uniti moja, yaani kilowati-saa moja, kwa mitambo mikubwa ya sola duniani ulikuwa senti 46 za dola mwaka 2010. Kufikia 2023 ulikuwa senti 4.4. Viwanda vya China vilijengwa vingi kuliko soko, na mwaka 2024 paneli ilikuwa ikitoka kiwandani kwa karibu senti 10 za dola kwa wati. Huku kwetu zikifika zimeongezewa meli, lori, duka na faida ya kila aliyezigusa, lakini unafuu tunauona. Mimi nanunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa bei ya kawaida ya biashara ndogo, karibu shilingi 356 kwa uniti ukijumlisha kodi na tozo. Siku ya jua zuri paa langu linatoa zaidi ya uniti 30. Hesabu yake haihitaji mhasibu.

Ila hesabu hiyo inasimama kwa sharti moja: uniti zote 30 ziwe na kazi ya kufanya mchana huohuo.

Fundi aliyenifungia ni kijana mtaratibu, na nilimpenda kwa kuwa alianza na mita kabla ya paneli. "Mama," akaniambia, "umeme ukizidi utatafuta njia ya kutoka kwenda mtaani. Mita ya kulipia kabla haikuundwa kwa safari hiyo. Kuna zinazojifunga, na kuna zinazouhesabu umeme unaotoka kama vile umeutumia wewe." Maana yake ningepeleka umeme wangu kwa jirani na kulipishwa juu yake! Tanzania ina kanuni za mwaka 2018 zinazomruhusu mwenye mtambo mdogo kuingiza ziada kwenye gridi kupitia mita inayosoma pande mbili, lakini hiyo ina maombi yake na ukaguzi wake, na mimi ziada nilikuwa na mpango nayo. Tukakubaliana mfumo usitoe kitu nje. Kwenye nyaya zinazoingia kutoka nguzoni akabana sensa ndogo inayoiambia inveta, kifaa kinachougeuza umeme wa paneli uwe kama wa gridi, umeme unaelekea wapi. Ikiona unataka kutoka, inveta inapunguza uzalishaji papo hapo. Sharti lake ni kuifunga sensa ikielekea upande sahihi. Ikigeuzwa, inveta inasoma kinyume na kufanya kinyume, kwa hiyo siku ya kuwasha tulisimama wawili mbele ya mita, mmoja akizima na kuwasha mashine, mwingine akisoma namba.

Halafu tukaja kwenye saa zenyewe. Muuzaji wa betri alikuwa na jibu jepesi: weka umeme wa mchana kwenye betri ya lithiamu, endesha mashine usiku kama kawaida. Nilikaa na kalamu. Kuyatoa maji kilo 100 kwenye joto la nyuzi 28 mpaka yawe barafu ngumu, lazima uyaondolee joto la karibu uniti 13. Tangi langu likijaa barafu kilo 300, nimeweka baridi ya karibu uniti 38, na kompresa imetumia umeme chini ya hapo, kwa sababu kompresa huhamisha joto tu, haitengenezi kitu. Sasa kwa nini ninunue betri ya kuhifadhi umeme wa kutengeneza barafu, wakati barafu yenyewe inakaa? Nikahamishia kazi mchana. Fedha ya betri kubwa nikaitia kwenye kuta: sanduku la kuhifadhia lenye povu nene pande zote, chini na mfunikoni, na mpira mpya wa mlango.

Mashine yangu ni ya mtindo wa zamani, makopo ya maji yaliyozama ndani ya tangi la maji ya chumvi yanayopozwa mpaka nyuzi 10 chini ya sifuri bila kuganda. Tangi hilo lilinisaidia kuliko nilivyotazamia. Wingu likipita, umeme wa paa ukishuka ghafla, chumvi imeshika baridi na makopo yanaendelea kuganda. Kwa muda mfupi wa wingu sina haja hata ya kuvuta gridi. Tabu ya mchana ni joto la hewa, kwa hiyo radieta ya nyuma ya mashine, ile inayotoa joto, tuliihamishia upande wa kusini wa banda chini ya kivuli cha mwembe, ikapata na upepo wa baharini.

Kuna watu huniuliza kwa nini sikukata kabisa umeme wa nguzo. Jibu la kwanza ni kompresa. Motor yangu ni ya kilowati 4, lakini sekunde ile ya kuamka inaweza kuvuta mkondo mara 5 mpaka 7 ya ule wa kawaida. Inveta ya kubeba pigo hilo peke yake ni kubwa na ghali. Gridi inalibeba bila kuguna. Tulifunga pia kifaa cha kuiamsha motor polepole, na hicho ndicho nawashauri wenye mashine za kusaga na za kuranda mbao wakitafute kabla hata ya kuuliza bei ya paneli. Jibu la pili ni masika. Kati ya Machi na Mei kuna wiki ambazo paa langu halitoi hata nusu ya kawaida, na samaki hawasubiri jua.

Jambo jingine ambalo wanunuzi hawaambiwi: inveta ya kawaida ya kuungana na gridi huzima yenyewe umeme wa nguzo ukikatika, hata kama jua linawaka. Imewekewa hivyo makusudi, ili fundi aliye juu ya nguzo akiamini laini imekufa asiuawe na paa la mtu. Anayenunua sola kwa ajili ya kukatika kwa umeme, akafungiwa inveta ya aina hiyo, atakaa gizani saa sita mchana. Mimi nilichukua inveta mseto, inayofanya kazi na gridi na betri pia, na betri ndogo ya uniti 5. Haiendeshi mashine usiku. Kazi yake ni kuipa inveta kitu cha kuegemea gridi inapoondoka, huku swichi ikitenga banda langu na mtaa, ili kompresa ikimbie kwa jua.

Banda langu liko mwisho wa laini, mbali na transfoma. Jioni kila nyumba ikiwasha, volteji inashuka mpaka kompresa inapata moto. Mchana sasa haishuki, kwa kuwa sivuti. Kinyume chake ndicho kinachotokea mtaa mzima ukirudisha umeme kwenye laini ileile nyembamba: volteji inapanda, inveta zinaanza kuzima moja baada ya nyingine. Hispania na Ureno zilipoingia gizani Aprili 28, 2025, wapo waliokimbilia kusema sola imeua gridi. Wataalamu wa gridi za Ulaya walipochunguza wakaeleza volteji iliyopanda na kuporomosha mitambo kwa mfuatano. Nilisoma habari hiyo kwa makini kuliko mtu wa barafu anavyotarajiwa kusoma.

Saa zangu ndizo saa za nchi. Tanzania nzima hutumia umeme zaidi jioni, jua limekwisha kuzama. Kishapu, Shinyanga, kuna mradi wa sola wa megawati 150 kwa awamu, ya kwanza 50, nao kazi yake ni ya mchana kama paa langu. Bahati yetu ni Rufiji: Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 yenye jumla ya megawati 2,115, na maji, tofauti na jua, unaweza kuyazuia mchana na kuyafungulia jioni. Wasio na bwawa wanahangaika zaidi. Australia Kusini, Oktoba 2020, kwa muda wa saa moja mahitaji yote ya jimbo yalitoshelezwa na jua, na mwaka huohuo paa mpya za sola zikatakiwa ziwe na namna ya kuzimwa kutoka mbali. Pakistani mwaka 2024 iliingiza paneli za karibu gigawati 17; wenye uwezo wakapunguza kununua umeme wa gridi, na gharama za mitambo iliyokwisha kujengwa zikawaelemea waliobaki. Hilo la Pakistani linanifikirisha. Mimi naitegemea gridi wakati wa masika na kila motor inapoamka, halafu nanunua uniti chache. Siku wakileta tozo ya kila mwezi ya kuunganishwa tu, nitalalamika, lakini sitasema hawana hoja.

Kitu kimoja sijakipatanisha, nacho ni mwezi. Wavuvi wa taa hutoka usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa, samaki hawafuati taa na mashua zinabaki ufukweni. Wateja wangu wa alasiri wanapotea kwa siku kadhaa kila mwezi, sanduku linajaa, inveta inaanza kubana uzalishaji kwa kukosa pa kuupeleka. Nilijaribu kushusha bei siku hizo. Wenye vibanda vya juisi na mama lishe wakachangamka, ila hawamalizi. Fundi ameniletea wazo la paneli nane zaidi. Nimemwambia hapana kwa sasa. Fedha ya msimu huu inakwenda kwenye sanduku la pili, lenye kuta nene kuliko la kwanza, barafu ya siku za mbalamwezi ikae mpaka giza lirudi. Paneli zitasubiri.