Ukitaka misuli bila kitambi, anza na chupa ya mafuta

Anayeanza kubeba vyuma huambiwa "kula sana" kabla hata hajafundishwa kushika chuma. Basi ugali unapanda kama kichuguu, chapati zinakuwa nne, na baada ya miezi mitatu uzito umeongezeka kweli, ila mwingi umekaa kiunoni.

Mwili hujenga msuli polepole. Aliyekwisha kuzoea mazoezi anahitaji kalori 200 hadi 300 tu kwa siku juu ya zile zinazomtosha kubaki na uzito uleule. Zinazozidi sana hapo mwili unaziweka akiba, na akiba yake ni mafuta. Sasa tazama jinsi kalori 250 zilivyo chache. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kama 120, kwa hiyo viwili vimeshazimaliza. Vikombe vinne vya chai, kila kimoja vijiko vidogo vitatu vya sukari, ni karibu 190. Soda ya nusu lita inapita 200. Mtu anaweza kuila ziada yake yote kabla hajagusa yai.

Kwa hiyo anza kwa kujua unachokula sasa. Wiki mbili kula kama kawaida yako, na kila asubuhi jipime ukishatoka chooni, kabla ya chai. Jumlisha vipimo vya siku saba, gawa kwa saba. Wastani wa wiki ya pili ukilingana na wa kwanza, chakula hicho ndicho kinachokutosha. Usihukumu kwa kipimo cha siku moja: pilau ya jana yenye chumvi nyingi inaweza kukuongezea kilo nzima ya maji.

Wengi hukwama kwenye sufuria ya familia, maana mmepika wote na huwezi kujitenga na jiko lako. Pima unga kabla haujaingia sufuriani, kisha pima ugali ulioiva. Tuseme unga gramu 800 umetoa ugali gramu 2,400: kila gramu tatu za ugali zina gramu moja ya unga. Ukijipakulia gramu 360 umekula unga gramu 120, yaani kalori kama 430. Anayepima ugali ulioiva na kusoma hesabu ya unga mkavu anajidhulumu mara tatu, kisha analalamika kwamba haongezeki. Mafuta nayo hivyo hivyo: vijiko vikubwa vinane kwenye mchuzi wa watu sita ni kalori 160 kwa kila mmoja. Acha kumimina kutoka kwenye chupa, tumia kijiko. Hilo peke yake lina faida kuliko poda nyingi zinazouzwa jimu.

Protini sasa. Gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku zinawatosha wengi. Mwenye kilo 70 anahitaji gramu 112, na hazihitaji kopo la kutoka nje. Asubuhi mayai matatu (gramu 18 za protini) na maziwa robo lita (8). Mchana ugali wa unga gramu 120 (9), maharage yaliyoiva kikombe kimoja (15) na dagaa wakavu gramu 30 (18). Usiku nyama ya paja la kuku iliyoiva gramu 120, bila ngozi wala mfupa (30), na viazi vya kuchemsha gramu 250 (5). Kabla ya kulala mtindi mililita 300 (10). Jumla 113. Ugali na maharage vinakwenda vizuri pamoja kwa sababu mahindi yana upungufu wa laisini, mojawapo ya vijenzi vya protini, nayo maharage yanayo ya kutosha.

Dagaa ndio hazina tunayoidharau. Wakavu wana protini zaidi ya nusu ya uzito wao. Ila ukiwazamisha kwenye mafuta wanayanywa kama sifongo, kwa hiyo waoshe, wakaange kwa kijiko kimoja, kisha nyanya na vitunguu viwaivishe. Karanga nazo zimepewa sifa isiyo yao. Gramu 100 zina protini 26, sawa, lakini zina kalori zaidi ya 560, na nyingi zinatoka kwenye mafuta. Zitafune kama kitafunwa, kiganja kimoja basi.

Wanga usiuogope, ndio unaokupa nguvu ya kunyanyua. Sehemu kubwa ya ugali, wali au viazi uile katika milo inayozunguka mazoezi. Na bila mazoezi yanayoongezeka uzito au marudio wiki hadi wiki, kila msuli ukifanyiwa kazi kama mara mbili kwa wiki, hesabu yote hii ni ya kunenepa tu.

Mwenye kitambi tayari, na ni mgeni wa vyuma, hahitaji ziada. Abaki kwenye kalori zinazomtosha, au apunguze kama 300, protini ileile. Msuli utaongezeka huku mafuta yakipungua. Mwenye ugonjwa wa figo asipandishe protini bila kuonana na daktari.

Baada ya hapo ni kufuatilia. Kwa kilo 70, ongezeko la gramu 200 hadi 350 kwa wiki linafaa. Ukianza kreatini, ile poda ya kuongeza nguvu ya kunyanyua, gramu 3 hadi 5 kwa siku, uzito unaweza kuruka wiki za mwanzo. Hayo ni maji, usipunguze chakula kwa ajili yake. Kila wiki mbili pitisha futi ya fundi cherehani usawa wa kitovu. Kiuno kikipanuka na vyuma havipandi, ondoa kijiko kimoja cha mafuta na sukari ya vikombe viwili vya chai, subiri wiki mbili, upime tena. Mayai na dagaa usiwaguse.