Nilivyoweza Kutawala Kipimo cha Mkoba wa Sufu Unaosinyaa

Nimekuwa nikifuma kwa sindano kwa miaka mingi, lakini mikoba ya kufuma ilikuwa hainiridhishi, kwa kuwa vitanzi huvutika mara tu mkoba unapobeba kitu chenye uzito. Tiba yake ni kuufua mkoba uliokwisha kufumwa kwa maji ya moto na sabuni hadi nyuzi zishikamane na kuwa felti, kitambaa kizito kisicholegea. Jambo lililohitaji subira zaidi ni kujua mapema mkoba utakuwa na ukubwa gani ukishatoka majini.

Kila unywele wa sufu umefunikwa na magamba madogo mno yanayoelekea nchani. Joto na maji huyafungua magamba hayo, sabuni hurahisisha mwendo, na msuguano huusukuma unywele upande mmoja tu bila kuuruhusu kurudi, hata nywele zikafungamana kabisa. Ndiyo maana pamba na akriliki hazifai kwa kazi hii, na hata sufu iliyotengenezwa ili ifuliwe kwa mashine bila kusinyaa haifai, kwa kuwa magamba yake yameondolewa kwa klorini au yamefunikwa kwa utando mwembamba. Kwa hiyo husoma lebo kabla sijatazama rangi, ingawa rangi nayo ina neno lake: sufu nyeupe iliyopaushwa mara nyingi hukaza kwa shida.

Uzi ambao kwa kawaida ningeufuma kwa sindano za milimita 5 huufuma kwa sindano za milimita 8, ili nywele zipate nafasi ya kutembea. Kabla ya mkoba wenyewe hufuma kitambaa cha majaribio cha sentimita 20 kwa 20, nikakikaza kama nitakavyoukaza mkoba, kisha nikakipima. Kwa uzi ninaoupenda, upana hubaki sentimita 15 na urefu sentimita 13, kwani kitambaa cha kufuma husinyaa zaidi kwa urefu kuliko kwa upana. Hesabu inayofuata ni nyepesi: nikitaka mkoba wenye upana wa sentimita 30 na urefu wa sentimita 26, hugawanya 30 kwa 0.75 na 26 kwa 0.65, nikapata 40 kila upande. Naam, mkoba wa mstatili huanza ukiwa mraba kamili, na bado hufurahi kila ninapouona ukijibadilisha.

Mashine ya kufulia inafaa, ikiwa kwenye nyuzi joto 60 na mkoba ukiwa ndani ya foronya iliyofungwa ili manyoya yasizibe bomba. Hata hivyo, mimi hupendelea beseni na glavu za mpira, kwa sababu sufu ikishakaza hairudi tena, na mikono huhisi mabadiliko ambayo mlango wa mashine huyaficha. Mdomo wa mkoba huushona kwanza kwa uzi wa pamba, kwa mishono mirefu, la sivyo hutanuka na kuwa wa mawimbi. Kila baada ya dakika chache huutoa, nikatenganisha pande zake zisigandane kwa ndani, nikapima. Vitanzi vinapoacha kuonekana na kipimo kikafika, huacha papo hapo.

Baada ya hapo huusuuza kwa maji yaliyotiwa siki kidogo ili kuondoa ukali wa sabuni, nikaukamua ndani ya taulo bila kuusokota, nikauvalisha sanduku lililofungwa plastiki na kuuacha kivulini hadi ukauke kabisa. Umbo unalokauka nalo ndilo utakalobaki nalo, kwa hiyo pembe huzinyoosha kwa vidole wakati bado una unyevu. Vile vitambaa vya majaribio sivitupi: felti haifumuki inapokatwa, hivyo huvikata maua na majani ya kushonea kwenye mkoba huo huo, yakiwa na rangi na unene unaolingana nao.