Usawa wa maji ya Ziwa Victoria, seti mbili zisizoelewana

Wadau wa grafu, wiki hii nimekesha na Grace, ile programu kongwe ya kuchora grafu kwenye Linux. Nilikuwa na seti mbili za data za usawa wa maji ya Ziwa Victoria: moja inasoma kutoka sifuri ya kipimo cha maji cha Jinja, Uganda, mita 12 na kitu, nyingine kutoka usawa wa bahari, mita 1,135 hivi. Ukizichora pamoja unapata mistari miwili iliyonyooka kama rula, hata kule kupanda kwa maji kwa 2020 hukuoni.

Dawa yake ni fupi. Rudufu seti ya Jinja kwanza (ile asili usiiguse, ifiche tu), halafu kwenye nakala andika y = y + tofauti ya sifuri hizo mbili. Mistari ikakutana.

Kazi ilikuwa kwenye -999. Aliyeingiza data aliziweka penye siku ambazo hazikusomwa, basi grafu inachimba shimo hadi kuzimu. Nilifungua seti kama jedwali nikazifuta safu mlalo zenye -999. Lakini angalia: Grace huunganisha nukta zilizobaki kwa mstari, msomaji akadhani palisomwa. Mimi nimeondoa mstari, nimebakiza vidoti.

Kingine nilichokipenda: unaweza kufuta data ya seti ukabakiza rangi na mtindo wake, kisha ukaingiza ya mwaka mpya. Na faili la Grace (.agr) ni maandishi matupu, data imo humo humo. Anayelitaka aseme, nitamtumia.