Siku moja na madereva wapya wa semi: Iyunga hadi mteremko wa Mbalizi

Saa 11:30 alfajiri yadi ya Iyunga bado ina giza, na mwezi wa sita baridi ya Mbeya inauma hasa. Kazi yangu ni kuwafundisha madereva wapya wa malori yaendayo Zambia na Kongo. Wanakuja na leseni daraja E, wengi wametoka kwenye fuso na tipa. Semi, lori la kichwa kinachovuta tela, ni kazi nyingine, na siku nzima tunaipanga kuelekea kipindi kimoja tu, kile cha mteremko.

Ukaguzi unaanza injini ikiwa imezimwa. Dereva anaanzia mlangoni kwake, anazunguka gari upande mmoja hadi anarudi pale pale, kila siku mzunguko ule ule, asije akaruka kitu. Oili, maji, taa na mikanda wengi wanavijua. Wanachokosa ni matairi ya ndani, pale matairi yanapofungwa mawili mawili. Tairi la ndani lililoisha upepo linabaki limesimama kwa sababu la nje ndilo linalobeba, na ukitazama kwa macho, yote mawili yanaonekana mazima. Kwa hiyo kila mmoja ana kipande cha nondo. Tairi lililojaa linairudisha nondo kwa mlio mkavu. Lililolegea linatoa mlio mzito, uliokufa. Penye shaka, geji. Kwenye nati, mchirizi wa kutu unaotoka kwenye nati kwenda kwenye rimu ni dalili kwamba nati imelegea, hata kama mkono hauwezi kuitikisa.

Saa 12:15 tunatoa maji kwenye mitungi ya upepo wa breki. Valvu za chini zinavutwa mtungi kwa mtungi, na wa tela usisahaulike. Maji yakitoka yamechanganyika na oili nyingi, kompresa imechoka na fundi anaitwa. Kisha gari linawekewa vigingi vya kuzuia magurudumu, upepo unajazwa, injini inazimwa, breki ya kuegeshea inaachiwa, na pedali inakanyagwa dakika nzima bila kuinua mguu. Mshale wa geji ya upepo ukitulia, sawa. Ukiendelea kushuka kuna panapovuja, na asubuhi yadi ikiwa kimya unapasikia. Baadaye anakanyaga na kuachia mfululizo mpaka king'ora cha upepo mdogo kilie. Kisipolia, gari halitoki.

Saa 1 tunaunganisha tela. Kichwa kinarudi polepole, na sahani yake ya kubebea tela iingie chini ya tela ikigusa, isiache nafasi. Tela likiwa juu mno, kingipini, ile pini ya chini ya tela, inapita juu ya kufuli la sahani na kuegemea tu. Gari litaondoka vizuri na tela litabaki kwenye kona ya kwanza. Kusikia "klak" hakutoshi. Shuka na tochi, ingia chini, uone taya za kufuli zimefunga nyuma ya kingipini. Paipu nyekundu ni ya kujaza upepo kwenye tela, ya njano ni ya kuamuru breki. Ukimaliza, funga breki ya tela, weka gia ya chini kabisa, vuta kidogo. Miguu ya tela inapandishwa baada ya kuvuta, kamwe si kabla.

Saa 3 ni hesabu za mzani, na hapa sichelewi. Gari la ekseli sita kwa sheria ya Afrika Mashariki: tani 8 mbele, 18 kwenye ekseli mbili za kuvuta, 24 kwenye tatu za tela, jumla 50. Gari tupu likiwa na tani 17, mzigo ni 33. Lakini jumla ikiwa sahihi bado mzani wa Makambako au Mpemba unaweza kukukamata, kwa sababu mzigo umesogezwa mbele na ekseli za kuvuta zimezidi. Dereva asimamie upakiaji.

Saa 4:30 tunatoka na tela lenye mzigo, kwa sababu tela tupu halifundishi mteremko. Kabla barabara haijaanza kushuka kutoka Iwambi kwenda Mbalizi, ninamwambia mwanafunzi aniambie gia atakayoshukia. Akijibu "Tutaona mbele, mwalimu", tunaegesha pembeni kwanza.

Gia huchaguliwa juu. Gari likishashika kasi, giaboksi haikubali tena gia ya chini. Ukijaribu unabaki kwenye nyutro, na hapo injini haikushikilii tena. Kwenye gia za otomatiki hamisha uende kwenye kubadilisha kwa mkono, uifungie gia, isije ikapanda yenyewe. Breki ya injini iwashwe kabla ya kushuka, mzunguko wa injini ukae juu, ndani ya alama za kwenye dashibodi, kwani injini inayozunguka polepole haizuii kitu. Kasi ikipanda, kanyaga kwa nguvu, ipunguze kwa kama kilomita 10 kwa saa, kisha inua mguu kabisa. Kukanyaga kidogo kidogo mteremko mzima ndiko kunakoua breki.

Sababu yake ni joto. Tani 50 zikishuka mita 100 za wima, nguvu inayobidi kupotea inatosha kuchemsha zaidi ya lita 140 za maji ya baridi. Isipopotelea kwenye injini, inaishia kwenye dramu za breki. Dramu la moto linatanuka na kujitenga na breki shuu, lainingi, ile inayosuguana na dramu, inaungua na kuteleza, na pedali bado inaonekana ngumu chini ya mguu. Breki ya kuegeshea nayo inatumia dramu hizo hizo, basi usiitegemee. Na chini pale Mbalizi kuna daladala, bodaboda na watu wanaovuka.

Wako wanaoshuka kwa breki ya mkono ya tela peke yake, ati wanatunza breki za kichwa. Wanaunguza tela, halafu wanabaki na kichwa kinachosukumwa na mzigo. Ukinusa harufu ya lainingi, egesha mahali tambarare, weka vigingi, subiri. Usimwagie maji, dramu litapasuka. Ukitumia mawe, ondoka nayo. Jiwe lililoachwa barabarani usiku linamwangusha wa pikipiki.

Saa 7 tunakula wali maharage, saa 8 ni kurivasi. Mkono ushike sehemu ya chini ya usukani: tela linafuata upande mkono unakokwenda. Zungusha kidogo, subiri tela lijibu. Tandiboi asimame unapomwona kwenye kioo. Akipotea kiooni, simama.

Saa 10 ni karatasi za Tunduma: pasipoti, cheti cha homa ya manjano, kadi ya njano ya bima ya COMESA, na namba ya sili ilingane na hati. Zambia wanaendesha kushoto kama sisi. Ukivuka Kasumbalesa kuingia Kongo unahamia kulia, na kioo cha abiria ndicho kinachokuonyesha wanaotaka kukupita.

Saa 11 jioni ninajaza daftari la kila mwanafunzi. Aliyeshuka kwa injini anapangiwa mteremko wa Kitonga, akiwa pembeni ya dereva mzoefu anayepeleka shaba Dar es Salaam. Aliyeshuka kwa mguu kesho anarudi Iwambi, na tela lile lile.