Vizibo ishirini na kapelo moja: kanuni zetu za gemu la vita

Dadu la pande 20 halipatikani hapa Mwanga, Kigoma. Nimeuliza mpaka kwa yule mama anayeuza ludo na karata pale sokoni, akanitolea dadu la kawaida, akanishangaa: "Kwani hili halitoshi, mwanangu?" Halitoshi. Kitabu chetu cha kanuni kinataka namba kati ya 1 na 20 kwa kila jambo, uwe unapiga risasi, unatambaa gizani au unambembeleza mlinzi akupishe. Basi nikaokota vizibo 20 vya soda, nikaviandika namba kwa ndani kwa rangi ya kucha, nikashona mfuko wa kitenge. Unaingiza mkono, unatoa kizibo, unasoma.

Nimeulizwa dukani mara nyingi hizi Jumamosi huwa tunafanya nini barazani kwangu mpaka saa sita usiku, kelele na vicheko na mtu mzima akipiga saluti. Tunacheza gemu la mezani. Kila mmoja ana mhusika wake kwenye karatasi, mimi ndiye msimulizi, na hadithi inakwenda kadiri wanavyoamua na vizibo vinavyoruhusu. Kitabu ni cha vita vya siku hizi, helikopta na miwani ya kuonea usiku. Sisi tukakihamishia hapa hapa Ziwa Tanganyika, mwaka 1915, Waingereza na Wajerumani wakipigana Vita vya Kwanza vya Dunia. Ndiyo maana kanuni nyingi tumelazimika kuzitunga wenyewe, na karibu kila moja imezaliwa na ugomvi.

Tuanze na vizibo. Mwanzoni ukishatoa kizibo unakirudisha, kama dadu tu. Usiku mmoja Dalali (ni dalali wa dagaa, Kibirizi) akasahau kurudisha, na sote tukasahau, mpaka mfuko ukabaki mwepesi. Tukaona inanoga. Namba mbovu zikishatoka zimetoka, na bahati inakuwa kama risasi, unaitumia inapungua. Tukakubaliana visirudi mpaka mfuko uishe.

Ilidumu wiki mbili. Mwalimu wa hesabu alikuwa ndiye kapteni. Nikaona anawatuma makuruta wavuke mto mmoja mmoja, mahali ambapo hapakuwa na haja yoyote ya kuvuka. Nikamwuliza kulikoni. Ananijibu bila aibu kwamba mfukoni vimebaki vizibo tisa na vinne ni vya chini ya 5, kwa hiyo anawatanguliza wadogo wakavimalize, yeye atavuka na vizuri. Yule wa bodaboda, ambaye kuruta wake alikuwa ameshachukuliwa na maji, alisimama akaenda kuwasha pikipiki.

Kanuni ya sasa ni hii: kikitoka kizibo cha 1 au cha 20, vyote vinarudi mfukoni na mfuko unatikiswa. Mwalimu mwenyewe alipiga hesabu akatuambia kwa wastani mfuko utajazwa upya kila baada ya vizibo saba. Bado mwenye kumbukumbu anafaidi kidogo, lakini hakuna tena wa kulala na uhakika. Na kuandika kwenye kiganja ni marufuku, Mwalimu.

Kanuni ya kapelo imetokana na shikamoo. Fundi wetu wa mashine za boti ana miaka 58. Kijana wa bodaboda ana 22 na anamwita baba. Vizibo vikaamua kijana awe sajenti, Fundi awe kuruta. Sasa kijana atamwamrishaje? "Baba, samahani, kama hutajali, naomba ulale chini, tunapigwa." Adui angetumaliza wote kabla hajamaliza kuomba. Naye Fundi kila akiambiwa jambo anajibu "marahaba" kwa mazoea, tunaangua kicheko, vita vinakufa. Nikaleta kapelo ya kijani. Ikiwa kichwani, cheo ndicho kinachosema: "Kuruta, lala!" "Ndiyo, afande!" Ikivuliwa, shikamoo inarudi mahali pake na mtoto anakwenda kumletea baba yake chai. Nilidhani Fundi atakereka. Kumbe ndiye anayepiga saluti kwa nguvu kuliko wote, goti linalia.

Za majini sikuzitunga, nimezikuta kwenye historia ya ziwa hili. Desemba 26, 1915, boti mbili ndogo za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizoletwa kutoka Uingereza na kukokotwa milimani Kongo kwa mashine za mvuke na maksai, ziliiteka boti ya Wajerumani iitwayo Kingani. Mzinga wa Kingani ulipiga mbele tu, Waingereza wakaijia kwa nyuma. Kwa hiyo kwetu kila boti ina mshale kwenye karatasi kuonyesha mzinga unaelekea wapi, na anayebisha namwambia akageuze boti. Waingereza wakaibatiza Kingani jina la Fifi, wakaifunga mzinga mkubwa zaidi. Februari 9, 1916, wakiikimbiza Hedwig von Wissmann, Fifi ilipofyatua, mzinga ulivyorudi nyuma ukaisimamisha boti yenyewe. Tukatunga: mzinga mkubwa kwenye boti ndogo, ukipiga hutembei zamu hiyo. Hedwig ilizama siku ile ile, maana Mimi ilipita mbio ikaisumbua mpaka Fifi ikafika.

Ya mbalamwezi ni ya Dalali. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hawaendi kazini, kwa hiyo ziwani hakuna taa hata moja na chombo chochote kinachoonekana ni cha kutiliwa shaka. Ya homa ni ya muuguzi: kila usiku unaolala porini unatoa kizibo, na kwinini inahesabiwa kidonge kwa kidonge. Katika vita ile maradhi yaliua kuliko risasi, na yeye hakubali mtu apone kidonda kwa kulala usiku mmoja.

Sasa nifike kwenye ile inayochukiwa.

Mwezi Machi niliwapa kazi. Wako watano, wapeleke kilo 200 za risasi kwenye kambi iliyo mwendo wa siku kumi kwa miguu, nje ya reli, wakae huko huko. Kapteni akasema, "Tunachukua wapagazi, tunaondoka." Nilikuwa tayari kusema sawa. Fundi akavua kapelo. Akivua kapelo ujue anazungumza kama yeye. "Wapagazi wangapi? Na wanakula nini?" Babu yake, akasema, alibebeshwa masanduku vita ile, na kwenye hadithi zote alizowahi kusikia za vita ile masanduku yanafika tu yenyewe.

Tukafungua kaunta buku. Tukakubaliana mpagazi mmoja anabeba kilo 25 na anakula kilo moja ya unga kwa siku. Risasi ni watu 8. Hao 8 watakwenda siku kumi na kurudi kumi, wanahitaji kilo 160. Askari watano wanahitaji 50 za kwendea. Jumla 210. Nani anabeba unga huo? Mpagazi wa unga naye anakula. Katika kilo zake 25, anakula 20 njiani kwenda na kurudi, anabakiza tano za kumpa mwingine. Gawanya 210 kwa tano: watu 42. Ongeza wale 8. Watu 50 watembee porini ili askari watano wapate masanduku machache ya risasi.

Mwalimu akatazama karatasi muda mrefu. Halafu, taratibu, kama anayesahihisha mtihani, akasema, "Tusipobeba chakula cha kurudia, wanatosha 17."

Hakuna aliyemjibu. Alikuwa sahihi kihesabu, nami nimepiga tena mwenyewe mara mbili. Mfuko wa vizibo ulikuwa mikononi mwa yule kijana, akauweka mezani. Muuguzi akauliza, kwa hiyo wakifika kule tunawaambia nini? Mwalimu akasema alikuwa anahesabu tu.

Tangu usiku ule, kila mpagazi anaandikwa jina na kijiji chake kwenye kadi, kwa mkono wa mchezaji mwenyewe. Si mimi ninayeandika. Kadi 50 ziliwachukua saa nzima, na Dalali alilalamika mpaka chai ikapoa. Mwisho wa safari zinahesabiwa, na isiyorudi mchezaji anaisoma kwa sauti. Dalali huyo huyo kila mwezi anashusha magunia Kariakoo, Dar es Salaam, na hakujua jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Nilipomwambia alinyamaza, halafu akaomba kadi nyingine, akaandika jina vizuri zaidi. Waliopendekeza tuifute kanuni hii ni wawili. Nimekataa, na barazani kwangu mwenye kura ya mwisho ni mimi.

Imebaki ya grisi, mpya kabisa. Meli ya Liemba tuliyoizoea hapa bandarini iliitwa Graf von Goetzen. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipande vipande kwa meli na treni, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Wajerumani walipoona mji unawatoka, Julai 1916, waliizamisha wenyewe, lakini kwanza wakazipaka injini zake grisi nene. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Kwa hiyo chombo ukikizamisha mwenyewe bila grisi kimekwenda. Ukikipaka, miaka ya mbele kwenye hadithi unaruhusiwa kutoa kizibo kimoja kukiibua.

Jumamosi iliyopita tumeishia hapo. Wamezingirwa, boti yao lazima izame, Kapteni ameshatoa amri. Kuruta Fundi akanyoosha mkono na kusoma karatasi yake: makopo mawili ya grisi, kilo nne, anayo tangu gemu la kwanza. Tulimcheka sana kwa makopo yale. Kuyapaka kunahitaji 12 kwenda juu, adui yuko jirani, na umeme ukakatika mkono ukiwa mfukoni. Nikasema tuache hivyo hivyo.

Ila kizibo cha 7 hakionekani, na nilichoweka badala yake kimekunjika ukingo, Mwalimu anakitambua kwa kidole. Mwenye kizibo cha soda kilichonyooka anipitishie dukani kabla ya Jumamosi.